Pistoni Iliyong'aa

Jumatatu, 2 Februari

Vinara vitatu vya mishumaa leo. Cha nne kilipasuka shingoni, nimekitupa kwenye kapu la vyuma chakavu. Vumbi la Jebel, mtaa wetu hapa Juba, limeingia kila mahali, hadi kwenye chapati. Nimefuta mashine mara mbili kabla ya saa nne.

Fundi Ocen alifika amenuna, kama kawaida yake ya Jumatatu. Mashine yake ya kukereza iko ukutani, yangu iko mlangoni. Miaka mitano tunapeana migongo hivyo. Yeye hutengeneza vitu vya kazi: bushi za mashine za kusaga, vipuri vya pampu za visima, ekseli. Mimi hutengeneza vitu vya kutazamwa. Vinara, misalaba, taa za mezani, vikombe vya zawadi. Na vile vijiinjini vya shaba ambavyo mahoteli huweka mapokezi. Gurudumu, silinda, bomba, vyote vinameta, hakuna kinachozunguka. Ndani ni shaba tupu, hakuna hata tundu.

Leo alichukua kimoja, akakigeuza huku na huku, akakipuliza kama filimbi, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza:

"Dada Keji, hii injini yako nakula nini?"

Wachomeleaji wa jirani waliangua kicheko. Nami nikacheka. Sikupenda. Mwalimu wangu kule Nakuru, nilikosomea ufundi tukiwa wakimbizi, naye alikuwa na lake kila akiona kazi yangu: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nimechoka kuitwa mkakasi. Kinara kikikosewa hata unene wa unywele, jicho hukereka kabla mtu hajajua linakereka na nini. Kulizuia hilo nako si kazi?

Jumatano, 4 Februari

Umeme ulikatika saa tano. Nikakaa kumtazama Fundi na modeli yake.

Ana miezi kumi na minne akiitengeneza, kila jioni baada ya kazi za wateja. Haizidi ukubwa wa mkate. Ni injini ya kweli. Upepo wa kompresa unaingia kwenye silinda, unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu, gurudumu linaendesha pampu ndogo inayochota maji kwenye beseni moja na kuyamwaga kwenye jingine. Silinda aliichonga kutoka kwenye vali kuukuu ya shaba. Gurudumu ni puli ya mashine ya posho. Kwa nje ina rangi ya sufuria iliyoungua. Anasema ndivyo anavyotaka, mwanafunzi azione alama za kisu na ajue kilipita wapi.

Alichomoa pistoni anionyeshe. Unaziba tundu la chini la silinda kwa kidole gumba, kisha unaiachia pistoni kutoka juu. Ikishuka taratibu, kama mtu wa goti bovu anapoketi, basi hewa haina pa kupita. Imekaa sawasawa. "Napumua," alisema. Akarudia mara nne kwa raha zake.

Kuna shule ya ufundi ya kanisa huko mtaa wa Lemon Gaba. Inataka mwalimu wa kukereza vyuma. Fundi hana cheti, vita vya kwao Gulu, kule Uganda, vilikula miaka yake ya shule. Kamati imemwambia alete kitu alichokitengeneza, akiendeshe mbele ya wazazi Jumamosi ya tarehe 14. Kikitembea, kazi ni yake. Lakini mjumbe mmoja ameshasema macho ya huyu yamezeeka, na miwani yenyewe ni ya kununua sokoni.

Fundi ana miaka hamsini na minane. Anaitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Hasemi. Ila amenyoa, na leo hakumtukana mteja hata mmoja.

Ijumaa, 6 Februari

Abuna amepita karakana. Ndiye padri anayeiongoza shule. Aliiona modeli ikitembea, akapiga makofi. Kisha akasema wazazi watakuja, na wake zao, ingefaa ipendeze kidogo. Akakishika kinara changu. Kama hiki, alisema.

Fundi alitafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Jumatatu, 9 Februari

Ameniomba. Alinijia kabla sijavua hata kitambaa cha kichwa.

"Dada, wewe najua kungarisha. Nifanyie nje. Nje tu. Ndani hapana gusa."

Kwa miaka mitano hajaniomba kitu zaidi ya spana namba kumi na tatu. Nilijifanya nina kazi nyingi. Nikasema nitaona. Kisha nikaifagilia nafasi mezani kabla hajamaliza kugeuka.

Amekwenda Nimule kuchukua vyuma mpakani. Atarudi Alhamisi.

Jumanne, 10 Februari

Siku nzuri. Sijapata siku nzuri hivi tangu mwaka uanze.

Kibao cha chini, mabomba, ukingo wa gurudumu. Msasa mkali, msasa laini, kisha gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia. Shaba inaanza kama ugali ulioungua, halafu ghafla inakubali. Mikono ya gurudumu niliiacha na alama zake za kisu, ili ukingo uzidi kung'aa. Hilo nililifikiri mwenyewe. Mchomeleaji wa jirani alikuja akatazama, akasema wallahi hii ni dhahabu.

Yule mzee mkaidi atanyamaza siku hiyo.

Jumatano, 11 Februari

Ili kung'arisha kifuniko cha silinda ilibidi nikifungue. Ndani nikaiona pistoni. Ya kijivu, imefifia, ina mistari ya kisu mwili mzima. Huku nje kunameta na ndani kumekaa hivi. Ilinitia huruma.

Nikaipa mng'aro kidogo. Msasa laini, kisha kitambaa. Silinda nayo nikaipitishia kijiti nilichokiviringishia kitambaa chenye dawa. Dakika ishirini, hazikuzidi. Sasa ukiishika pistoni unajiona uso.

Alisema nje tu. Lakini nje ya pistoni nayo si nje?

Imependeza.

Alhamisi, 12 Februari

Naandika yote. Hiki kitabu hakisomwi na mtu.

Asubuhi Fundi hajafika, nikaichomoa pistoni nijaribu kwa kidole gumba kama alivyonionyesha. Ikaanguka tumbwi. Nikafuta kidole, nikajaribu tena. Tumbwi. Mara ya tatu, vilevile.

Mimi ni mkerezaji. Najua msasa unakula. Kwenye kinara ukila, hakuna anayejua, kinara hakiingii mahali. Pistoni inaingia mahali. Yeye aliifikisha pale kwa miezi, kidogo kidogo, na mimi nimeipunguza kwa dakika ishirini kwa sababu haikunipendeza. Na chuma kikishaliwa hakirudi.

Njia ya heshima ilikuwa moja. Nimngoje, nimwambie. Zilibaki siku mbili, angekereza nyingine.

Badala yake nilikwenda kwenye kopo la grisi. Ile nzito, ya beringi. Niliipaka pistoni, nikaijaribu kwa kidole. Ikashuka taratibu, vizuri kabisa. Grisi inadanganya hata kidole. Nikafunga kifuniko, nikakaza nati, nikaipitishia kitambaa kwa juu.

Alifika saa sita na vumbi la barabara kwenye nyusi. Alisimama mbele ya ile modeli muda mrefu. Alizungusha gurudumu kwa mkono, likaenda laini. Aliunganisha kompresa, likazunguka mara chache, akaizima haraka. Hakutaka mafuta yarukie mng'aro wangu. Kama asingeuonea huruma mng'aro angeliona tatizo palepale.

Alivua miwani akaifuta, akaisifu kwa Kiarabu:

"Tamam, dada. Tamam kabisa."

Akaninunulia soda. Nimeinywa yote.

Ijumaa, 13 Februari

Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Sijasema.

Jumamosi, 14 Februari

Joto kali, hakuna hata upepo. Walitandika meza uwanjani pa shule, vitambaa vyeupe. Abuna alikuwa ameniambia nilete vitu vyangu vipambe, kwa hiyo meza yangu ilikuwa ubavuni mwa ya Fundi. Wazazi wengi. Kamati ya watu watano kwenye viti vya plastiki. Fundi alivaa koti. Sikuwa najua ana koti.

Aliwaeleza kwa Kiarabu cha Juba, bila haraka. Hii ni silinda. Hii ni pistoni, ndiyo moyo. Alieleza vizuri. Hata wachuuzi wa maji waliacha mikokoteni yao wakasogea. Nilimtazama nikajua kwamba huyu mtu alizaliwa kufundisha, na kwamba mimi nimemuua.

Akafungulia upepo. Gurudumu likazunguka. Maji yakapanda, yakamwagika kwenye beseni la pili. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilianza kuomba. Nilisema Mungu, iache iende dakika tano tu, nami nitamwambia leo leo.

Haikufika dakika mbili. Upepo ulianza kulia shii kandoni mwa pistoni. Grisi ilikuwa imeyeyuka, ikatemwa kwenye kitambaa cheupe, doa jeusi, likatanuka. Gurudumu likachoka. Likasimama. Fundi akalisukuma kwa kidole. Likaenda nusu, likarudi. Akalisukuma tena. Alivua miwani, akaivaa, akainama mpaka pua ikagusa silinda. Kisha mtu kwenye viti vya kamati akasema, si kwa sauti kubwa, lakini sote tulisikia: si nilisema macho?

Fundi aliinuka. Hakumwambia mtu fulani. Alisema tu hewani, kama mtu anayetangaza kitu kimekwisha:

"Macho yangu kalas."

Akaizungushia modeli koti lake, na ile grisi yote, akaikumbatia, akatoka getini.

Baada ya hapo wazazi wakaja kwenye meza yangu. Walihitaji kutazama kitu kingine. Walishika vinara, walijitazama kwenye vikombe, wakasema Mungu amebariki mikono yako. Nilisema asante. Kila mmoja nilimwambia asante.

Jumapili, 15 Februari

Misa. Sikwenda komunyo. Jirani aliniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, tumbo.

Jumanne, 17 Februari

Fundi hajaja jana wala leo. Aproni yake iko kwenye msumari. Wateja wawili wamekuja na bushi zao, nikawaambia ana safari. Uongo sasa unatoka bila hata kukohoa.

Saa nane akaja Abuna. Kamati imekaa, alisema. Ocen mwenyewe amekubali kwamba kosa ni lake, hawawezi kumchukua. Lakini wameona kazi yangu. Nina cheti cha Nakuru. Je, ningekubali kuja kufundisha?

Niliposikia "kosa ni lake" nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya moto mgongoni. Kumbe ameamini kabisa ni macho yake. Amekwenda kwa miguu yake kuwaambia watu kwamba haoni.

Hapo ndipo ningesema. Abuna alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Fundi, ametulia, ana muda. Nilifungua kinywa. Nikasema nitafikiri.

Sikusema hapana. Niandike vizuri, nisijifiche: kwa nukta moja, ndogo, nilijiona ubaoni na chaki mkononi, na nikajipenda.

Alhamisi, 19 Februari

Majuto ni mjukuu, walisema wazee. Wangu amezaliwa na ameshaanza kutembea.

Nimejaribu kujitetea siku nne. Nilitaka kumsaidia. Nilisahau. Huruma. Yote yana kaukweli kadogo, ndiyo maana yanafaa kudanganyia. Ukweli wenyewe ni huu. Nilitaka afungue injini yake mbele ya watu akute mkono wangu ndani. Nilitaka aseme, pale pale, kwamba kazi yangu nayo imo. Kwa sababu alikipuliza kijiinjini changu kama filimbi na watu wakacheka. Nilimchukia siku ile, na sikujua kwamba namchukia mpaka leo nilipokuwa naosha vyombo.

Sikukusudia isimame. Hilo naweza kuapa. Lakini niliposhika grisi nilijua itasimama. Msasa niliushika kwa ujinga. Grisi niliishika kwa akili timamu.

Leo nilikereza kinara kimoja. Kizuri. Nimekaa nikikitazama, kisha nikakifunika gazeti.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Sitangoja kilio. Jumamosi nakwenda kwake.

Jumamosi, 21 Februari

Anakaa Hai Jalaba, chumba cha nyuma ya duka la vitambaa. Nilimkuta barazani. Amekunja miguu juu ya mkeka, modeli imefunguliwa yote, kila kipande kwenye gazeti lake. Pistoni ilikuwa peke yake kwenye kitambaa safi. Iling'aa. Jua lilikuwa linaipiga, mng'aro ukaruka ukutani.

Sikuketi. Nilisema yote nimesimama kama mtoto aliyevunja dirisha. Msasa, kijiti, kidole, grisi. Soda pia. Nilisema kwamba macho yake hayana kosa, kosa ni mimi.

Hakuinua kichwa.

"Mimi najua. Tangu Jumamosi ile ile. Nilifika nyumbani, nikafungua, nikaona kioo."

Sikuelewa. Kama alijua, alikwenda kwa Abuna kusema nini? Nikamuuliza. Akasema alimwambia Abuna kwamba ni yeye mwenyewe aliyeing'arisha pistoni ikazidi, kwa tamaa ya kupendeza wazazi. Kwa hiyo kamati imemwandika mzee mpumbavu anayeharibu kazi yake kwa mapambo. Nikasema kwa nini, Fundi? Kwa nini ujichafue?

"Ya karakana iko ya karakana. Mteja hapana sikia."

Ni kweli. Ndivyo tunavyofanya, mafundi wote wa pale Jebel. Mwenzako akiharibu, mbele ya mteja unasema ni wewe, ni chuma kibaya, ni umeme. Akishaondoka mteja ndipo mnashikana mashati. Mimi mwenyewe nimewahi kumbebea mchomeleaji lawama za geti zima. Lakini geti ni geti. Haya yalikuwa maisha yake.

Ndipo akaniangalia.

"Mimi nilikuwa nasubiri wewe. Siku moja, siku mbili. Nikasema Jumatatu atakuja. Siku saba!"

Alipiga gazeti kwa kiganja, nati zikaruka.

"Kungarisha, hiyo ujinga. Mimi pia nafanya ujinga. Lakini grisi! Grisi, hiyo wizi."

Nililia. Alisema nisilie hapo, mwenye duka atafikiri mambo mengine. Kisha akaniambia niende nyumbani. Hakuniita dada. Miaka mitano yote, hata akinitukana, huanza na dada.

Nilitembea mpaka nyumbani. Pikipiki tano zilinipigia honi, sikupanda hata moja.

Jumapili, 22 Februari

Baada ya misa nilimfuata Abuna. Alidhani nataka kuungama, akaelekea kwenye kiti chake cha maungamo. Nikasema hapana. Ya pale yanabaki siri, na siri nimezichoka. Nilitaka ofisini, na katibu wa kamati awepo.

Nikawaambia. Safari hii niliketi. Nilianza na grisi, kwa sababu ndiyo mbaya zaidi. Nikasema Ocen hakugusa msasa, Ocen ana macho kuliko sisi sote mle ndani, ile pistoni aliipima kwa usahihi ambao mimi sijawahi kuufikia. Nikasema nafasi ya ualimu siitaki.

Katibu, mwanamke mkimya, aliacha kuandika. Nilitarajia Abuna anikaripie. Nilitaka anikaripie. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini Ocen aliwadanganya? Nikamweleza desturi yetu ya karakana. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kushangaa.

Kamati itaitazama injini tena Ijumaa. Bila wazazi, bila vitambaa vyeupe. Kama Ocen atakubali kuja.

Mlangoni nikamuuliza nifanye nini, kitubio gani. Akasema hilo nijiulize mwenyewe, yeye hajui vyuma.

Jumatatu, 23 Februari

Watu husema ukishasema kweli unakuwa mwepesi. Mimi si mwepesi. Nimezuia kitu kibaya kisizidi, basi. Kile kilichofanyika kimefanyika.

Mchomeleaji ananitazama kwa jicho la pembeni. Habari imefika. Imefika kupitia kwangu, ndivyo nilivyotaka, lakini inauma.

Jumatano, 25 Februari

Saa tatu asubuhi Fundi Ocen aliingia. Hakusalimu. Alitundua aproni msumarini, akaikung'uta vumbi la siku kumi na mbili, akasimama nyuma yangu. Nilizima mashine. Niligeuka.

"Mimi nimetunga uongo nzuri," alisema. "Nimebeba mwenyewe mpaka kwa Abuna. Sasa hata uongo yangu umeharibu."

Sikujua nicheke au nilie. Uso wake haukunisaidia.

Nikasema, "Nisamehe, Fundi."

Akasema ana kazi.

Alikereza pistoni mpya. Alianza na kipande kinene, akapanua na silinda ndani kidogo kusafisha mahali nilipopitisha kijiti changu. Alikula chuma kama anavyokula chumvi, kwa kuonja. Saa sita umeme ukapungua, taa ikawa hafifu juu ya kipimo chake. Alitazama huku na huku. Mle ndani nilikuwa mimi peke yangu.

"Shika taa."

Nikashika tochi. Labda dakika arobaini. Mkono ulikufa ganzi, nikaukaza kisawasawa, sikuhama. Nilikuwa naona kila mstari ambao kisu kinaacha. Mistari ile ile niliyoionea huruma. Mafuta hukaa ndani yake, ndiyo kazi yake, hilo nilifundishwa Nakuru na nikalisahau kwa sababu kwa miaka sijatengeneza kitu kinachohitaji mafuta.

Alipomaliza alisema tosha. Nilizima tochi. Alifunga modeli kwenye gunia, kwa sababu koti limeharibika. Ule mng'aro wa nje hakuugusa. Nilitegemea ataupiga msasa mkali mpaka ufe. Hakufanya hivyo. Sikuthubutu kuuliza.

Nilichemsha chai. Alikunywa amesimama.

Ijumaa, 27 Februari

Nilifika mapema. Sikuwa na kazi ya haraka. Nilikereza shingo ya kinara, polepole, bila kushindana na mtu.

Alikwenda Lemon Gaba saa mbili. Hakuniambia, nilisikia kwa mchomeleaji. Saa nne. Saa tano. Niliweka simu mezani, kisha nikaifunika kwa kitambaa ili nisiitazame, kisha nikakitoa kitambaa.

Saa sita na robo ujumbe wa Fundi ukaingia. Neno moja.

*Imetembea.*

Nilingoja liingie la pili. Halikuingia. Hakuna dada, hakuna asante wala pole.

Jioni katibu wa kamati alipita kununua msalaba, akanipa yaliyobaki. Iliendeshwa nusu saa nzima. Beseni lilijaa, wakayarudisha maji, likajaa tena. Fundi anaanza kufundisha Jumatatu. Alikuwa ameanza kuwaeleza wajumbe silinda ni nini hata kabla hawajaketi.

Nililia kidogo, katibu alipoondoka. Kwa furaha, na kwa aibu. Vyote viwili vilikuwepo, sikuweza kuvitenganisha.

Kisha nikaifuta mashine yake, maana sasa itakaa bila mwenyewe. Reli, mpini, meza ya kisu, na kule nyuma ukutani ambako hakufikiki vizuri. Nilipaka mafuta mepesi ili isishike kutu. Nikaifunika turubai, nikalifunga kwa kamba pande nne, nikafagia nyuzi za chuma alizokereza juzi. Zilikuwa ndefu, hazijakatika, kazi ya mkono uliotulia. Nikafunga mlango nikaenda nyumbani.